In the End: namna albamu ya mwisho ya The Cranberries ilivyopokelewa baada ya kifo cha mwimbaji wao

In the End ni albamu ya nane na ya mwisho ya The Cranberries, kikundi cha muziki wa rock kutoka mji wa Limerick, katika nchi ya Ayalandi. Ilitoka tarehe 26 Aprili 2019, miezi 15 baada ya mwimbaji wao Dolores O'Riordan kufariki mjini London akiwa na umri wa miaka 46. Sauti yake inasikika katika nyimbo zote 11. Lakini wenzake walipoingia studio kupiga gitaa na ngoma za albamu hiyo, yeye alikuwa amekwisha kuzikwa.

Waandishi wengi wa muziki waliipokea vizuri, na mwisho wa mwaka huo ikachaguliwa kushindania tuzo ya Grammy. Hata hivyo mapokezi hayo yalibeba swali ambalo halikwepeki. Penye matanga hakuna anayesimama kutaja makosa ya marehemu. Sasa, mhakiki anayeandika juu ya albamu ya mtu aliyekufa anasifu kazi, au anatoa rambirambi? Makala hii inaeleza albamu ilivyotengenezwa, mambo yaliyosemwa juu yake, na sababu zinazoifanya istahili kusikilizwa kama kazi ya mtu aliyekuwa hai.

Kikundi na sauti yake

The Cranberries walianza Limerick mwaka 1989. Ndugu wawili, Noel Hogan wa gitaa na Mike Hogan wa gitaa la besi, waliungana na Fergal Lawler wa ngoma. Mwimbaji wao wa kwanza alikuwa mwanaume, naye hakukaa sana. Mwaka 1990 wakampata Dolores O'Riordan, msichana wa miaka 18 kutoka Ballybricken, kijiji kisicho mbali na mji.

Dolores alikuwa kitinda mimba katika familia ya Kikatoliki yenye watoto wengi. Aliimba kwaya na kupiga kinanda kanisani kabla hajasimama mbele ya kipaza sauti cha kikundi chochote. Alama ya malezi hayo ilibaki katika uimbaji wake: sauti inapanda, inavunjika kidogo juu kama nyimbo za zamani za kwao, kisha anajiitikia mwenyewe kwa sauti ya pili na ya tatu, kama kwaya ya mtu mmoja. Tena hakuficha matamshi ya kwao ili afanane na waimbaji wa London au wa Marekani.

Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1993. Ya pili, No Need to Argue, ilitoka mwaka 1994, nayo ndiyo iliyobeba wimbo wao unaojulikana kuliko yote, Zombie. Dolores aliutunga baada ya mabomu ya mwezi wa tatu 1993 katika mji wa Warrington, Uingereza, yaliyotegwa na kundi la IRA. Watoto wawili waliuawa, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 12. Wimbo unawakataa watu wanaoua watoto halafu wanadai wanapigania haki ya taifa lao. Msomaji wa Beni, Bunia, Goma au Uvira hahitaji kuelezwa sana kwa nini wimbo wa namna hiyo ulivuka mipaka ya Ayalandi.

Baada ya albamu tano kikundi kilipumzika mwaka 2003, kikarudi mwaka 2009, kikatoa Roses mwaka 2012. Mwaka 2017 kikatoa Something Else, ambamo nyimbo za zamani zilipigwa upya kwa upole pamoja na vinanda vya nyuzi. Mwaka huohuo maumivu ya mgongo ya Dolores yaliwalazimisha kufuta sehemu kubwa ya safari yao ya maonyesho. Yeye mwenyewe alikuwa amesema hadharani kwamba ana ugonjwa wa bipola, ule unaompandisha mtu moyo kupita kiasi kisha kumshusha.

Kazi iliyokatika katikati

Nyimbo za In the End zilianza kutungwa katikati ya mwaka 2017. Noel Hogan alikuwa akitunga muziki na kumtumia Dolores kwa kompyuta. Dolores aliandika maneno, akarekodi sauti yake juu ya muziki huo, kisha akamrudishia. Ndivyo wawili hao walivyozoea kufanya kazi tangu ujana wao, isipokuwa zamani walitumia kaseti. Mpaka mwisho wa mwaka walikuwa na rekodi za majaribio za nyimbo 11.

Tarehe 15 Januari 2018 Dolores alikutwa amefariki katika hoteli mjini London. Alikuwa amekwenda kwa kazi ya kurekodi, na siku ileile alitazamiwa kutia sauti yake katika Zombie mpya ya kikundi cha Marekani kinachoitwa Bad Wolves. Limerick ililia. Rais wa Ayalandi, Michael D. Higgins, alitoa salamu za rambirambi, na tarehe 23 Januari ibada ya mazishi ilifanyika katika kanisa la Ballybricken, kijiji alichokulia. Bad Wolves waliutoa wimbo ule bila sauti yake, kisha wakawapa watoto wake watatu dola 250,000 kutokana na mapato yake.

Mahakama ya London inayochunguza vifo ilitoa uamuzi wake mwezi wa tisa mwaka huo: alizama katika maji ya bafu akiwa amelewa sana, na ilikuwa ajali. Haikuonekana dalili kwamba alikusudia kujiua. Jambo hili lina uzito katika habari ya albamu yenyewe, kama tutakavyoona.

Baada ya mazishi, Noel Hogan alirudi kwenye rekodi alizokuwa nazo. Alikuta kwamba sauti za Dolores zilirekodiwa vizuri na zingeweza kutumika. Lakini yeye na wenzake hawakuanza mara moja. Walikwenda kwanza kwa familia ya marehemu kuuliza kama inakubali. Familia ikakubali. Tena walikuwa na hofu ya pili, ambayo Noel ameieleza mara nyingi: kama nyimbo hazingekuwa nzuri vya kutosha, wangeharibu jina ambalo kikundi kilikuwa kimejenga kwa karibu miaka 30.

Walimwita Stephen Street, Mwingereza aliyesimamia albamu zao mbili za kwanza, akakutana nao London katika majira ya kuchipua ya mwaka 2018. Mchana walirekodi wakiwa na sauti ya Dolores masikioni. Mahali palipohitaji sauti za kuitikia, aliimba Johanna Cranitch, ambaye alikuwa amesafiri na kikundi akiwa mwitikiaji wa Dolores jukwaani. Hawakumtafuta mtu wa kuigiza sauti ya marehemu, wala hawakualika waimbaji wenye majina makubwa. Kabla albamu haijatoka walikwisha kutangaza kwamba hakutakuwa na nyingine, na kwamba hawatatafuta mwimbaji mpya.

Mambo yaliyosifiwa

Wimbo wa kwanza, All Over Now, ulitolewa tarehe 15 Januari 2019, siku ya kutimiza mwaka mmoja tangu kifo. Albamu nzima ilifuata mwezi wa nne. Wahakiki waliosifu, nao walikuwa wengi, walirudia mambo matatu.

La kwanza ni kwamba albamu inasikika kama kazi iliyokamilika. Msikilizaji asiyeijua historia yake asingetambua kwamba mwimbaji na wapigaji hawakuwa pamoja chumbani. Albamu nyingi za namna hii zina vipande vilivyookotwa hapa na pale, kumbukumbu za zamani zilizopakwa rangi mpya. In the End zote ni nyimbo mpya, zilizotungwa katika kipindi kimoja na watu walioziandaa ziwe albamu moja.

La pili ni kurudi kwa sauti ya mwanzoni. Gitaa la Noel Hogan linatiririka kama lilivyotiririka mwaka 1993, na mkono wa Stephen Street unasikika katika nafasi aliyoacha kuzunguka sauti ya Dolores. Wimbo Lost unaanza polepole na kujaa. Wake Me When It's Over una uzito wa gitaa uliowakumbusha wengi Zombie. Wimbo wa mwisho, unaobeba jina la albamu, ni wa upole kuliko zote. Ndani yake Dolores anawaza juu ya mambo ambayo mtu ameyatamani maisha yake yote na mwishoni akaona siyo aliyoyahitaji. Nyumba, gari na nguo mtu anaweza kunyang'anywa, lakini si roho yake.

La tatu ni heshima. Wahakiki waliona kwamba wale wanaume watatu hawakuigeuza albamu kuwa mnara wa kaburi. Hakuna hotuba ya kumsifu marehemu, hakuna kilio kilichowekwa ili kumtoa msikilizaji machozi. Walipiga vyombo vyao kama ambavyo wangepiga angekuwa hai.

Mambo yaliyotiliwa shaka

Sifa hazikuwa za watu wote. Wapo walioona kwamba muziki haushangazi: kikundi kinafanya vizuri jambo ambalo kilikwisha kulifanya vizuri zaidi miaka 25 nyuma. Wengine walisema maneno ya nyimbo kadhaa ni mepesi na yanajirudia, na kwamba katikati ya albamu nyimbo zinafanana. Hoja hizi zina haki yake. Dolores aliandika kwa maneno machache siku zote, na nguvu yake ilikuwa katika namna alivyoyaimba. Mtu akiyasoma maneno peke yake kwenye karatasi ataona upungufu ambao sikio halikuuona.

Tena kuna jambo ambalo hakuna mhakiki aliyeweza kulijibu kwa hakika. Rekodi za majaribio hufanywa ili zibadilishwe. Angeishi, labda Dolores angerudia kuimba ubeti huu, angefuta wimbo ule, angeongeza sauti za kuitikia alizozipenda. Albamu tunayosikia ni nusu ya maamuzi yake na nusu ya maamuzi ya wenzake. Hilo si kosa la mtu, lakini mhakiki mkweli hawezi kulifunika.

Je, alitabiri kifo chake?

Hapa ndipo wasikilizaji wengi walipopotea, na baadhi ya waandishi pamoja nao. Majina ya nyimbo yenyewe yanavuta upande huo: jina la albamu linataja mwisho, wimbo wa kwanza unasema kwamba mambo yamekwisha, mwingine unaomba mtu aamshwe yatakapopita. Tena All Over Now inasimulia tukio katika hoteli ya London. Aliyesikia kwamba mwimbaji alifia katika hoteli ya London alishtuka, akasema alijua.

Lakini sikiliza wimbo wenyewe. Unasimulia mwanamke na mwanaume wanaopigana usiku, na mwanamke anayeficha ukweli kwa kusema kwamba alianguka. Ni wimbo juu ya mwanamke anayepigwa na kuona haya kusema. Anayeusikia kama unabii wa kifo cha mwimbaji anamfanyia mwanamke huyo ubaya wa pili: haoni tena jeraha lake, kwa kuwa anatafuta ishara ya jambo jingine. Jambo ambalo Dolores alitaka lisikike limezimwa na habari za kifo chake.

Uamuzi wa mahakama unatusaidia hapa. Kifo kilikuwa ajali. Dolores hakuandika nyimbo za kuaga. Aliandika albamu mpya, na siku alipokufa alikuwa London kwa ajili ya kazi. Na wenzake walisema kwamba nyimbo nyingi zilitoka katika mambo aliyokuwa ameyapitia na kuyaacha nyuma, ikiwa ni pamoja na ndoa yake iliyovunjika. Kwa maana hiyo mwisho unaotajwa katika albamu ni mwisho wa kipindi kibaya, na mtu anayeuimba anatazama mbele. Wahakiki waliolitambua hilo ndio walioandika vizuri zaidi juu ya albamu. Walionyesha kwamba huzuni tunayoisikia ni yetu sisi tulio hai, na kwamba ndani ya nyimbo kuna tumaini zaidi kuliko tulivyodhani.

Albamu nyingine za namna hii

Ili kupima In the End, wahakiki hulinganisha albamu zilizotoka baada ya kifo cha mwimbaji, nazo si za aina moja.

Joy Division wa Uingereza walimaliza kurekodi Closer mwezi wa tatu 1980. Mwimbaji wao Ian Curtis alijiua mwezi wa tano, na albamu ikatoka mwezi wa saba. Hapo hapakuwa na swali juu ya maamuzi ya marehemu, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha mikononi mwake. Waliobaki waliacha jina hilo, wakaendelea kwa jina la New Order.

Queen walitoa Made in Heaven mwezi wa kumi na moja 1995, miaka minne baada ya kifo cha Freddie Mercury, ambaye alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Sehemu ya albamu ilitoka katika siku zake za mwisho za kurekodi huko Montreux, Uswisi, alipokuwa mgonjwa na akijua kwamba muda ni mfupi. Sehemu nyingine zilikuwa nyimbo za zamani zilizovikwa muziki mpya. Uingereza iliinunua mpaka ikashika nafasi ya kwanza, lakini wahakiki waligawanyika. Miaka ya baadaye Brian May na Roger Taylor walirudi jukwaani na waimbaji wengine.

The Cranberries wako kati ya hao wawili. Kazi yao haikuwa imekwisha kama Closer, wala haikuokotwa kutoka miaka mbalimbali kama Made in Heaven. Na tofauti na wengine, walichagua kusimama kabisa. Uamuzi huo uliathiri mapokezi. Ilikuwa vigumu kuwashtaki kwamba wanafanya biashara kwa jina la marehemu, wakati walikuwa wanafunga mlango wa biashara yao wenyewe.

Grammy na baada yake

Mwezi wa kumi na moja 2019 In the End ilitajwa kati ya albamu tano zinazoshindania Grammy ya albamu bora ya rock. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa The Cranberries kufikiriwa kwa tuzo hiyo, ingawa katika miaka ya 1990 nyimbo zao zilipigwa na radio za dunia nzima. Tarehe 26 Januari 2020 tuzo ilikwenda kwa Cage the Elephant, kikundi cha Marekani, kwa albamu yao Social Cues.

Wapo wasemao heshima hiyo ilikuja kwa huruma. Inawezekana kifo kilifungua masikio yaliyokuwa yamefungwa. Lakini huruma haiwezi kutia sauti katika wimbo usio na sauti. Nyimbo kama Lost na ule wa mwisho zingesimama hata kama mwimbaji angekuwepo kuzitetea.

Kwaya zetu pia zinakutana na jambo hili. Mwimbaji anafariki, sauti yake imebaki katika simu au katika kompyuta ya mtu, na wenzake wanajiuliza kama waimalize kazi au waizike pamoja naye. Mfano wa Limerick hauwi sheria kwa mtu, lakini mpangilio wake ni mzuri kuutazama. Kwanza familia iliulizwa. Pili waliobaki walijiuliza kama kazi ni nzuri kweli, wala hawakudhani kwamba majonzi yatafunika kasoro. Tatu hawakutia kinywani mwa marehemu neno ambalo hakulisema. Nne walisema wazi mbele ya watu kipi kilikuwa chake na kipi waliongeza wao.

Anayetaka kuifahamu albamu hii aanze na No Need to Argue ya mwaka 1994, apate kuijua sauti ikiwa na miaka 23. Kisha asikilize In the End kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo, na All Over Now aisikilize mara mbili: mara ya pili amsikilize yule mwanamke aliyesema ameanguka.